Picha Isiyo na Zamu

Ugomvi wetu wa kwanza ulikuwa juu ya lango. Lango lenyewe ni zuri, sikatai. Ni la chuma, jeusi, na lina simba wawili waliopakwa rangi ya dhahabu. Mwenye lango ndiye mwenyekiti wa kikundi chetu, kwa hiyo nilipotengeneza tovuti ya kikundi niliona ni adabu kuiweka picha yake juu kabisa, pale jicho la mgeni linapofikia kwanza. Nyumba za sisi wengine nikazipanga chini. Matokeo yake, kila mzazi aliyepiga simu kutafuta malazi aliuliza kama nyumba ya simba ina nafasi.

Niseme kikundi chenyewe ni nini. Sisi ni wanawake wenye nyumba kati ya Sosiot na Kabianga, kila mmoja na shamba lake dogo la chai, ng'ombe wawili watatu, na chumba kimoja au viwili vilivyobaki wazi baada ya watoto kwenda kujitafutia maisha. Kule Kabianga kuna chuo kikuu. Wakati wa mahafali wazazi hutoka mbali, wengine wanasafiri siku nzima, na wakifika wanakuta vyumba vya wageni vimejaa mpaka Kericho mjini. Tukasema, kwa nini wasilale kwetu? Tutawapa kitanda safi, maji ya moto ya kuoga, na asubuhi chai na mursik, yale maziwa yetu ya kibuyu yanayolala na unga wa mkaa. Kazi ya tovuti ikaniangukia mimi kwa sababu nilikuwa karani katika ofisi ya kiwanda cha majani chai, na watu wa hapa wanaamini kwamba aliyekaa mbele ya kompyuta anajua kila kitu kilichomo ndani yake.

Sijui. Sijaandika hata mstari mmoja wa lugha ya kompyuta maishani mwangu. Ninachojua ni kusoma maagizo na kufuata, jambo ambalo watu wengi hawana subira nalo. Kuna kampuni za mtandaoni zinazokupa tovuti kama nyumba ya kupanga: kuta ziko, paa liko, wewe unaingiza viti vyako. Unavuta picha kwa kidole, unaiacha pale unapotaka ikae, unaandika maneno chini yake, unahifadhi. Hivyo ndivyo nilivyofanya, nimekaa jikoni, simu imeegemezwa kwenye bakuli la sukari.

Lakini ningesema uongo kama ningedai nilifanya kwa ajili ya wageni tu. Nilizaliwa humu humu, katika nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai, ila baba na mama walitoka upande wa ziwa, watu wa kabila jingine, na hapa hilo halisahauliki upesi. Kuna miaka ya uchaguzi baba alifunga mizigo yetu ikakaa mlangoni, tukingoja tuone mambo yatatulia vipi. Nikaja nikaolewa na kijana wa hapa, dereva wa lori la kukusanya majani, na tukajenga karibu na mama yake. Mume wangu alipofariki, shemeji yangu mmoja aliniuliza kwa upole kabisa kama sasa ningerudi kwetu. Kwetu wapi? Niliendelea kuchuma chai yangu.

Na majirani si watu wabaya. Hawajawahi kunifukuza mahali. Ila miaka yote hiyo, iwe harusi, iwe mkutano, nikiinuka kusaidia kumimina chai, mtu hunigusa bega na kuniambia, "Kaa tu, mama, wewe ni mgeni wetu." Wanasema kwa heshima, na heshima hiyo ilinikera kuliko tusi. Ndiyo maana niliposikia kikundi kinahitaji mtu wa tovuti niliinua mkono kabla hawajamaliza kuuliza. Nilitaka niwe na kazi ambayo kikundi hakiwezi kuikosa. Nilitaka siku moja nihesabiwe mtu wa hapa.

Mkubwa wetu kwa umri ni mama mkwe wangu. Watoto humwita kogo, yaani nyanya, na sisi sote tumewafuata watoto. Ni mtu wa maneno machache. Hajawahi kunikemea wala kunisifu, na nilikuwa nimeshakata tamaa ya kujua ananionaje. Ninakumbuka siku ya kumpa jina mtoto wangu wa kwanza. Wanawake wa ukoo walijaa chumbani, wakamwekea mtoto ugoro kidogo puani, wakaanza kuita majina ya marehemu wa upande wa baba, mmoja baada ya mwingine. Desturi hiyo huitwa kurenet. Jina likiitwa, mtoto akapiga chafya, basi marehemu huyo ndiye aliyerudi, na vigelegele vinaanza. Mtoto wangu aliyapuuza majina kadhaa kama hayamhusu, kisha akapiga chafya kubwa kuliko mwili wake. Baadaye nilimuuliza kogo ni nani hasa aliyechagua jina. Aliniangalia kana kwamba nimeuliza ni nani huchagua mvua inyeshe wapi.

"Hakuna kuchagua," alisema. "Alikuja mwenyewe."

Upande wa ziwa pia tunawaitia watoto majina, ila sisi tunangoja mtoto aache kulia. Kwa hiyo nilimwelewa haraka kuliko alivyodhani, lakini sikumwambia.

Turudi kwenye lango. Malalamiko yalipozidi tulikutana tutafute mpangilio wa haki. Mmoja akasema tufuate umri. Mwingine, kijana kidogo, akasema hapana, tufuate alfabeti, na wote tukajua jina lake linaanza na herufi gani. Mwenyekiti akapendekeza tufuate aliyejiunga kwanza, na aliyejiunga kwanza alikuwa yeye. Kila mpangilio ulikuwa na mwenyewe. Nikawaambia basi tusiwe na mpangilio wowote, niachieni niangalie.

Nilijaribu kwanza zile picha zinazoteleza zenyewe, moja inatoka nyingine inaingia. Mtandao wa huku mabondeni uliikataa kazi hiyo. Picha ya kwanza ilifunguka, za nyuma zikabaki zinazunguka kiduara, na ya kwanza ilikuwa ya simba. Nikaifuta. Ndipo nikapata kifaa kidogo cha nyongeza, vijana huita plagini, ambacho hakitelezeshi chochote. Unaweka picha zako zote katika kisanduku kimoja, unagusa mahali palipoandikwa kwamba zitokee kwa bahati, na kila mtu akifungua ukurasa anapewa picha moja tu. Akifungua tena huenda akapata nyingine. Hakuna wa kwanza, hakuna wa mwisho. Nilifurahi mpaka nikapika chapati siku ambayo si ya chapati.

Nikapita nyumba kwa nyumba kupiga picha upya. Nilidhani kila mtu angetaka kuonyesha kitanda. Mmoja alitaka ng'ombe wake wa gredi, wale wa maziwa mengi, akamwosha kwanza. Mwingine alinipeleka moja kwa moja kwenye choo kipya chenye vigae, akasimama kando ya mlango kama askari. Kogo alitaka kibuyu chake cha mursik peke yake juu ya kigoda, bila mtu. Mimi nilipiga mlango wangu. Ni mlango wa mbao uliopakwa rangi ya bluu, na nyuma ya nyumba chai inapanda kilima. Marehemu mume wangu aliupaka mwenyewe kwa rangi iliyobaki kwenye lori, na tangu hapo haujaguswa.

Kosa likawa hili: kila mmoja wetu yuko katika chama cha kuzungushiana. Unatoa, unangoja, zamu yako inafika, unapewa, na hakuna anayerukwa. Hatujui haki nyingine zaidi ya hiyo. Nilipowaambia picha zitabadilika zenyewe, waliitikia kwa vichwa wakaenda nyumbani wakahesabu zamu. Alhamisi mwenye ng'ombe akanipigia.

"Leo si ndio siku yangu?"

"Siku gani?"

"Ya picha. Nimeambia watu wangu wa Roret wafungue waone ng'ombe. Wamefungua wameona choo. Wakafungua tena, choo! Huyo wa choo amelipa nani?"

Nilimweleza kwamba bahati haina zamu, kwamba inaweza kutoa choo mara mbili na bado ikawa bahati. Aliniambia hiyo si bahati, hiyo ni ubaguzi. Tulicheka, lakini alikata simu kabla mimi sijamaliza kucheka.

Wakati huo huo wengine walilalamika kwamba ukurasa unachukua muda mrefu kufunguka. Hilo lilikuwa kweli. Nikasoma, nikapata kifaa kingine cha nyongeza cha kuharakisha tovuti, nikakiwasha, na ukurasa ukaanza kufunguka mara moja, hata chini kule mtoni. Nikapokea shukrani. Kwa siku nzima nilikuwa mtu wa maana sana.

Kesho yake nilipeleka majani kituoni, tulipozoea kungojea lori, nikaona wanawake wamekusanyika juu ya simu moja. Waliponiona waliitia mfukoni. Nikafungua yangu. Mlango wa bluu. Nikafungua tena, mlango wa bluu. Mwenye ng'ombe alikuwa upande wa pili wa mizani, na hakuzungumza na mimi, alizungumza na hewa, kwa sauti ya kutosha.

"Tangu jana ni mlango tu. Asubuhi mlango, jioni mlango. Hawa watu wa ziwa wanajua kujitanguliza."

Sitaki kulipamba neno hilo wala kulipunguza. Niliumia. Nilisimama pale na kikapu changu mgongoni, nikasikia uso umewaka, na hakuna mtu hata mmoja aliyemwambia anyamaze. Kogo alikuwepo, ameketi juu ya gunia lake. Naye aliendelea kuchambua majani yake. Nilipima majani yangu nikaenda nyumbani bila kuaga, na kwetu hapa kuondoka bila kuaga ni tangazo kubwa.

Nilipofika nilikaa jikoni na hasira zangu kwanza, maana hasira nazo zinataka nafasi yao. Kisha nikaanza kazi. Nilimpigia binti yangu aliyeko Nakuru, nikamwambia afungue ukurasa bila kumwambia kwa nini. Akaona mlango. Nikampigia dada yangu aliyeko kule ziwani. Akaona mlango, akasema unahitaji rangi. Kwa hiyo tatizo halikuwa simu zetu. Nikajiuliza nilikuwa nimegusa nini mwisho kabla mambo hayajaharibika. Nilikuwa nimegusa kile kifaa cha kuharakisha.

Nikasoma maelezo yake polepole, mstari kwa mstari, kitu ambacho ningepaswa kufanya kabla ya kupokea shukrani. Kumbe kifaa kile huharakisha tovuti kwa kuiandaa mara moja tu. Mtu wa kwanza akifungua, ukurasa unatengenezwa, bahati inatoa picha yake, kisha ukurasa huo mzima unahifadhiwa ulivyo, na kila anayekuja baadaye anapewa ule ule. Bahati ilifanya kazi mara moja, ikafungiwa ndani. Na wa kwanza kufungua, bila shaka, nilikuwa mimi, nikijaribu kama kweli kumekuwa na kasi. Nilikizima. Nikafungua: kibuyu. Nikafungua tena: simba. Tena: choo, na kwa mara ya kwanza nilifurahi kukiona.

Kabla sijaandika maelezo kwa wenzangu, ujumbe wa mwenyekiti ukaingia. Kikundi kikutane Jumamosi mchana nyumbani kwake, jambo la tovuti. Sikujibu kwa maneno mengi. Nilisema nitakuja.

Sebule ya mwenyekiti ina makochi yenye vitambaa vya kushonwa kwa mkono, na katikati meza yenye chupa kubwa ya chai na vikombe vilivyofunikwa. Tuliomba, tukakaa. Mwenyekiti ni mtu wa haki hata akiwa na simba. Alisema nipewe nafasi nijieleze kabla mtu yeyote hajaongea.

Nikaomba ruhusa nikaigusa ile chupa. Nikawaambia, zamani, kila mgeni akibisha, tovuti ilikuwa inabandika sufuria upya. Chai inachelewa, lakini kila mmoja anapata ya kwake. Mimi nikaleta kifaa cha kuharakisha, na kifaa hicho ni kama chupa hii. Chai imepikwa mara moja asubuhi, na kila anayekuja anamiminiwa ile ile. Ilitokea kwamba siku hiyo chai ya kwanza kupikwa ilikuwa na mlango wangu. Sasa nimeiondoa chupa. Tutangoja kidogo, lakini kila mtu atapikiwa yake.

Nadhani walielewa. Niliona vichwa vikiitikia. Lakini kuelewa na kuamini ni mambo mawili, na mwenye ng'ombe akasema lile lililokuwa mioyoni.

"Hiyo chai tumeisikia. Lakini nani ataona? Wewe ndio unapika, wewe ndio unamimina."

"Basi mimi nisiguse simu," nikasema. "Afungue mtu mwingine, kwa simu nyingine."

Mwenyekiti akatoa simu yake. Akaangalia huku na huku, kisha akampa kogo, kwa sababu hakuna ambaye angemshuku kogo kwa jambo la kompyuta. Kogo aliifuta simu kwa leso yake, akauliza abonyeze wapi, akabonyeza kwa kidole gumba kilichopasuka kwa kuchuma chai. Kiduara kikazunguka. Wote tulikuwa tumeinama. Mimi niliomba kimoyomoyo itoke ng'ombe. Sijawahi kumtamani ng'ombe wa mtu kiasi hicho.

Ukatoka mlango wa bluu.

Nilijua kwa hesabu kwamba inaweza kutokea, nilikuwa nimeyasema mwenyewe kwa mdomo wangu, bahati haina zamu. Lakini hesabu haikunisaidia pale kwenye kochi. Niliona miaka yangu yote ikikunjwa kama leso. Mwenye ng'ombe alifungua mikono tu, kama mtu asiyehitaji kuongeza neno.

Kisha kogo akacheka. Simsikii akicheka mara nyingi. Aliicheka ile simu, akapiga paja.

"Imepiga chafya," akasema.

Wanawake wakamtazama.

"Nyinyi si mliita majina? Mlikuja hapa mkaita, mlango, ng'ombe, choo. Ikapiga chafya kwa mlango. Sasa mnanuna nini? Ukiwa umempakata mtoto wako, akipiga chafya kwa jina hamkutaka, mnasema hiyo chafya imenunuliwa?"

Mmoja akaanza kucheka, akaziba mdomo.

"Mkitaka zamu nendeni kwa chama," kogo akaendelea. "Hii si chama." Halafu akanionyesha kwa kidevu, bila kuniangalia. "Na huyu, kuna mtu hapa alimchagua? Mimi sikumchagua. Kijana wangu alienda kubeba majani, akarudi na huyu. Sikuuliza. Alikuja mwenyewe."

Nilisikia maneno hayo mara mbili, moja kwa sasa na moja kwa zamani, pale chumbani, mtoto akiwa amefunikwa shuka. Alikuwa anasema jambo lile lile, kwa sauti ile ile isiyo na sukari. Nililia, na sikujali nani anaona.

Kogo hakungoja nimalize. Alibonyeza tena, kwa sababu simu ilikuwa imemnogea. Kikatoka choo, na sebule nzima ikapasuka kwa kicheko, hata mwenye choo. Akabonyeza tena, choo. Mwenye ng'ombe akasema, "Ai, hiyo nayo inataka dawa," akasogea karibu ya kogo aone vizuri. Ng'ombe wake alitoka baadaye kidogo, amesimama kando ya boma, anang'aa, na tulimpigia makofi kama bibi harusi. Mwenye ng'ombe hakuniomba msamaha siku hiyo. Alinisogezea sahani ya maandazi, na hapa kwetu hiyo inahesabika.

Mwenyekiti alifunga jambo kwa kusema tovuti ibaki ilivyo, ichelewe ikitaka kuchelewa. Akafunua vikombe. Mimi nilikuwa bado nafuta macho, nimekaa kama nilivyozoeshwa, mikono juu ya magoti. Mwenyekiti akaichukua ile chupa, akanisukumia kifuani.

"Mimina basi," akasema. "Unangoja nani?"

Nikaanza na kogo.